Nidhamu Kabla ya Saa

Mheshimiwa Mkuu wa Shule, Mheshimiwa Makamu wake, waheshimiwa walimu kwa vyeo vyenu, karani, muuguzi, wapishi, na wewe msomaji uliyesimama ukutani kwa sababu hukupangiwa kiti: itifaki izingatiwe.

Nimeanza hivyo kwa kuwa hapa Shule ya Bweni ya Bonde Jekundu, Mirihi, hakuna jambo linaloanza vinginevyo. Hata bwalo likishika moto, anayekuja kutoa taarifa lazima kwanza awatambue waliopo meza kuu. Mimi ni Chiduo, kidato cha tatu, taimkipa wa shule. Kazi yangu ni kutunza saa na kupiga kengele. Kwa cheo, niko chini ya mpishi msaidizi na juu kidogo ya kuku wa bustani.

Sasa nieleze jinsi cheo changu kilivyotaka kumfukuzisha shule mtu asiye na kosa.

Jumatatu ile kwenye paredi, Mkuu wa Shule, Mwalimu Mkwizu, alisimama ukumbini chini ya picha yake mwenyewe na kuita jina moja.

"Atupele Mwaisaka. Kidato cha tatu. Njoo mbele."

Atupele ni mtu ambaye akiokota kifungo cha shati sakafuni anazunguka mabweni yote kumtafuta mwenyewe. Alitoka mstarini anatabasamu. Nadhani alifikiri anapewa cheti cha usafi.

"Nidhamu imekunasa," alisema Mkuu. Hakumaanisha tabia. Alimaanisha kile kifurushi cha programu ndani ya Mtambo wa shule kinacholinda milango na kusoma bangili zetu. "Jumapili, saa sita kamili usiku, umepita mlango wa ushoroba wa zahanati."

Ukumbi mzima uliguna. Usiku wetu si giza tu. Taa zikizimwa, Mtambo unapunguza hewa kwenye shoroba zote ili ile ya mabweni itoshe hadi asubuhi. Tunaiita hewa ya usiku. Ukiipumua unajisikia kama umepanda ngazi na gunia la mahindi kichwani. Anayefungua mlango saa hizo anamwaga pumzi za wenzake, na adhabu yake ni moja: kiti kwenye chombo cha mizigo, kurudi Duniani.

"Mwalimu, mimi nilipita Jumapili asubuhi," alisema Atupele. "Ninyi wote mkiwa humu kwenye paredi kubwa. Muuguzi alinituma uji wa Sifaeli, yule mdogo wa kidato cha kwanza anayeumwa kifua. Nilipoingia ushorobani milango ikakwama, mbele na nyuma. Nikasubiri, halafu ikafunguka yenyewe. Uji ulifika umepoa. Muulizeni Sifaeli."

"Ulipokwama, ulisikia nini?"

"Nilisikia sauti yako, Mwalimu, ile iliyorekodiwa. Inasema, wewe unayezurura usiku, simama hapo ulipo."

"Sauti hiyo hutolewa wakati gani?"

"Usiku, Mwalimu. Ndiyo maana nilicheka."

Mkuu alitugeukia kama wakili aliyemaliza kesi. "Mmesikia wenyewe. Amekiri kusikia sauti ya usiku. Sauti ya usiku hutolewa usiku. Kwa hiyo ilikuwa usiku. Chombo kinaondoka Jumatatu ijayo. Rudi mstarini."

Walimu wakatikisa vichwa kwa huzuni ile ya msibani, ya watu wanaowaza chakula kitaletwa saa ngapi. Muuguzi alinyoosha mkono kutaka kusema. Hakuitwa, kwa kuwa muuguzi huongea baada ya mhasibu, na mhasibu hakuwa na la kusema.

Nilipiga kengele ya kifungua kinywa kwa hasira hadi mpishi akatoka na mwiko kuniuliza nani amekufa.

*

Kilichonikaa rohoni ni lile neno "kamili". Nina uzoefu wa kuzurura usiku, uzoefu ambao sitaueleza hapa kwa kuheshimu hadhara, na ninakuhakikishia kuwa hakuna mtu Duniani wala Mirihi anayetoroka saa sita kamili. Watu hutoroka saa sita na kitu. Unasubiri kiranja akorome, unatafuta kiatu cha pili, unabishana na mwenzako nani atangulie.

Nikaenda kwa Madam Kemilembe, mwalimu wa mitambo. Chumba chake kiko nyuma ya jiko, mahali ambapo Mtambo wenyewe unavuma ndani ya kabati za chuma, seva juu ya seva, na joto lake linaanika soksi za shule nzima.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Umeharibu nini?"

"Leo sijaharibu kitu."

"Basi kaa. Hiyo ni habari."

Nilimwomba anionyeshe wote walionaswa na Nidhamu tangu shule ifunguliwe. Akatupia maandishi ukutani. Wengi walikuwa wazururaji halali, watu ninaowaheshimu: saa saba na robo, saa nane kasoro, saa tano na kitu. Lakini katikati yao palikuwa na kundi jingine, na Madam aliliona kabla sijanyoosha kidole. Jumapili, saa sita kamili. Jumapili, saa sita kamili. Jumapili, saa sita kamili.

Mmoja wao alikuwa Kanuti, aliyekuwa dawati la mbele yangu mwaka jana. Alipakiwa kwenye chombo akilia kwamba alitoka paredi kwenda chooni kwa sababu tumbo lilikuwa linamwendesha, na kwamba kulikuwa asubuhi. Mkuu alisema huo ni uongo wa kitoto, maana kila mtu anajua tofauti ya asubuhi na usiku.

"Jumapili asubuhi, wakati wa paredi kubwa, kunatokea nini huku kwako?" niliuliza.

Madam hakuondoa macho ukutani. "Mtambo unaoga," alisema.

Kuoga ni hivi. Vumbi la Mirihi linaingia kila mahali, na mionzi inatafuna kumbukumbu ya mashine kama mchwa. Badala ya kusubiri Mtambo uoze kidogokidogo, kila Jumapili unafuta kila kitu, unabaki mtupu kama siku ulipotoka kiwandani, kisha unajijenga upya kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa: sakinisha kifurushi hiki, sakinisha na hiki. Ukimaliza, unakuwa msafi. Ni utaratibu mzuri. Tatizo halikuwa kuoga. Tatizo lilikuwa nini kinavaliwa kwanza.

"Mtambo unajuaje kipi kitangulie?" niliuliza.

"Unauambia. Kama kifurushi kimoja hakiwezi kufanya kazi bila kingine, unaandika kwenye maelekezo: hiki kinahitaji kile. Basi Mtambo utakitanguliza kile, hata ukikiandika mwisho. Usipoandika, unafuata tu mpangilio uliopo kwenye karatasi, juu kwenda chini."

"Na sisi tumeandika nini kinahitaji nini?"

Alifungua maelekezo. Akayasoma. Akacheka, kicheko cha mtu aliyekuta mende kwenye pilau.

"Hakuna," alisema. "Hakuna hata sehemu moja iliyoandikwa inahitaji. Tazama mpangilio wenyewe."

Nikatazama. Picha ya Mkuu. Nidhamu. Taaluma. Mahesabu. Zahanati. Majina ya Watumishi. Jiko. Bustani. Saa.

Nilijua nimeuona mahali. Ulikuwa mpangilio wa viti vya sherehe ya ufunguzi wa shule, kutoka meza kuu hadi mimi. Bodi ilipotakiwa kupanga vifurushi, iliuliza kila kifurushi ni cha ofisi gani, ikavipanga kwa ukubwa wa ofisi. Kwa heshima na taadhima. Mtambo unaotupa hewa ulikuwa unajijenga kwa itifaki.

"Kwa hiyo Nidhamu inaamka kabla ya Saa," nilisema polepole. "Inafanyaje?"

"Tarehe inaipata kwenye agizo la kuoga. Ndiyo maana tarehe huwa sahihi na hakuna aliyeshtuka. Ila saa inaitafuta, haipo, inaandika sifuri. Na sifuri kwa Mtambo ni..."

"Saa sita kamili usiku."

"Mpaka Saa ipande, yaani isakinishwe, Nidhamu inaamini ni usiku wa manane. Inabana milango, inapunguza hewa ya shoroba, inanasa apitaye. Na kwa kuwa wote mnakuwa ukumbini, hapiti mtu. Labda mmoja. Mwenye tumbo, au mwenye bakuli la uji."

Ndipo nikaikumbuka picha ya Mkuu. Picha ile iko kwenye kioo cha ukumbini, na ina sauti. Inatusalimia kulingana na wakati. Na kila Jumapili asubuhi, katikati ya paredi, inafumbua macho na kusema, "Usiku mwema, wanangu. Laleni salama." Tulikuwa tunabana vicheko hadi machozi. Tulidhani spika ni mbovu. Kumbe Mtambo ulikuwa unatutangazia ugonjwa wake kila wiki, mbele ya walimu wote, kwa sauti ya Mkuu mwenyewe!

*

"Ni sentensi moja tu, Mkuu," alisema Madam Kemilembe ofisini. "Nidhamu inahitaji Saa. Mtambo utatanguliza Saa, basi. Ninahitaji kiganja chako kwenye kioo ili ikubalike."

Mwalimu Mkwizu aliisoma ile sentensi kwa muda mrefu kuliko urefu wake.

"Nidhamu ni kifurushi cha ofisi gani?"

"Yako, Mkuu."

"Na Saa?"

"Ya taimkipa."

Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu. Viatu vilimkera, akaendelea, na kichwa kikamkera zaidi. "Kwa hiyo nitie kiganja changu kwenye maandishi yanayosema kwamba ofisi ya Mkuu wa Shule inamhitaji huyu."

"Si yeye, Mkuu. Saa."

"Huyu aliyetia pilipili kwenye tangi la uji."

"Ilikuwa tangawizi, Mwalimu," nilisema.

"Nyamaza! Ofisi yangu ikae chini kusubiri kwanza mpiga kengele apande? Madam, wewe ni msomi. Siku ya ufunguzi nani aliingia ukumbini kwanza?"

"Wewe, Mkuu. Lakini milango haijui sherehe..."

"Mtambo huu umepangwa na Bodi. Haujawahi kumnasa mtu asiye na hatia."

"Tunajuaje, Mkuu?"

"Kwa sababu wote uliowanasa walipatikana na hatia."

Nimesoma mantiki kwa mwalimu mzuri tu, na bado sijapata jina la kumwita mnyama huyo. Mtu mzima, mwenye shahada ukutani, alikuwa tayari kumrusha binti wa watu kwenye giza la anga kwa miezi kadhaa, kwa bakuli la uji, ili tu neno "inahitaji" lisikae karibu na jina lake. Wala si kwamba hakuelewa. Hilo ndilo lililoniuma. Alielewa kabisa, ndiyo maana aliuliza kifurushi ni cha nani.

"Basi Jumapili uje usimame pale ushorobani ujionee," alisema Madam.

"Jumapili nipo jukwaani. Nani atakikalia kiti changu?" Akatuonyesha mlango.

*

Nilimkuta Atupele stoo ya bweni la wasichana, mlango wazi kama sheria inavyotaka, anakunja sare. Alikuwa anazipanga kwa rangi, kana kwamba chombo cha mizigo kina ukaguzi wa masanduku.

"Acha kufungasha," nilisema. "Nina mpango."

"Mpango wako wa mwisho ulitufanya tunywe uji wa tangawizi wiki nzima."

"Sikiliza, bwana. Kengele ni yangu. Jumapili, Mtambo ukiwa umetoka kuoga, Nidhamu iko macho na Saa bado haijapanda, nagonga kengele ya kutoka mapema. Shule nzima inamiminika ushorobani. Wote wananaswa saa sita kamili. Watafukuza shule nzima? Watakosa wa kumwamrisha!"

Nilikuwa najipongeza. Yeye aliendelea kukunja sketi.

"Na Sifaeli?"

"Si yuko zahanati?"

"Ametoka juzi, amerudi paredi. Yupo yeye, na wapo wadogo wengine wenye vifua kama yeye. Nilikaa mle peke yangu, Chiduo, mzima wa afya, na kichwa kikawa chepesi. Ukiujaza ule ushoroba watu, watoto watagombania pumzi."

"Kwa dakika chache tu."

"Nani amekwambia dakika chache? Saa haipo, umesahau?"

Nilikasirika. Niliikasirikia Bodi, nikamkasirikia Mkuu, na kwa kuwa hao hawakuwepo stoo, nikamkasirikia yeye. "Basi nenda nyumbani! Kamwambie mama yako umefukuzwa kwa uzururaji. Mimi natafuta njia, wewe unanihesabia vifua vya watu!"

Akaketi juu ya sanduku. Ndipo nilipoona kuwa macho yake yalikuwa mekundu tangu kabla sijaingia.

"Mama aliandaa shughuli ya siku tatu nzima kijijini kuniaga," alisema. "Ngoma, shangazi wote, kanga za sare. Mtoto wetu anakwenda Mirihi. Unafikiri nataka kushuka pale uwanjani mbele yao? Sitaki. Lakini siwezi kubaki hapa kwa pumzi za Sifaeli. Kisha nitofautiane na Mkuu kwa lipi? Yeye ananitupa mimi ili kiti chake kikae sawa. Mimi nawatupa wale wadogo ili nikae mimi."

Nikachukua sketi, nikamsaidia kukunja. Kwa mtu wa hulka yangu hilo ni tukio.

"Ukitaka kumwingiza mtu mle," alisema, "mwingize yule anayesema hakuna kitu. Na uingie naye. Usimfungie mtu pumzi wewe ukiwa nje."

"Mkuu? Atatokaje jukwaani kabla ya..."

Nikasimama. Kengele ya kwanza ya kufunga paredi ikilia, anatoka Mkuu peke yake, na mwanafunzi mmoja nyuma yake amembebea mkoba. Shule nzima inabaki imesimama wima, hakuna kutikisika, mpaka kengele ya pili. Nilikuwa nimeichukia sheria hiyo tangu kidato cha kwanza. Na njia ya kutoka ukumbini kwenda ofisini kwake ni ushoroba uleule wa zahanati.

"Atupele," nilisema, "nimeanza kuipenda itifaki."

"Una madoa mangapi?"

Doa ni kosa lililoandikwa. Kunaswa usiku kunatosha kukupandisha chombo, na mwenye madoa mawili hata haombewi msamaha. Nilikuwa na mawili. Tangawizi ilihesabiwa kama pilipili. Nikinaswa pamoja na Mkuu, naye akijifutia doa lake akaniachia langu, tungeondoka wote wawili, mimi na Atupele, tukitazamana juu ya masanduku.

"Ya kutosha," nilisema.

*

Jumapili Mkuu alihutubia kuhusu kutunza muda. Sitanii. Alisema yeye, pamoja na ukubwa wake, kengele ikilia hukatisha hata sentensi, kwa kuwa kiongozi ni mfano.

Nyuma yake kioo kikubwa kilizimika. Mtambo ulikuwa umeingia kuoga. Nilisimama pembeni ya jukwaa, kamba ya kengele mkononi, mkoba wa Mkuu miguuni. Kiranja mkuu ndiye huubeba siku zote; nilimwambia leo ameombwa akae mstari wa mbele awe mfano, akaamini, maana viranja wakuu huamini jambo lolote la aina hiyo.

Kioo kikawaka. Picha ya Mkuu ikafumbua macho. "Usiku mwema, wanangu. Laleni salama." Shule ikabana vicheko. Juu ya mlango wa ushoroba, taa ya Nidhamu ikawa nyekundu.

Nikavuta kamba.

Mkuu alikuwa katikati ya neno "uwajibikaji". Alinitazama. Akatazama shule nzima, ambayo sekunde chache kabla alikuwa ameiambia yeye ni mfano. Akafunga mdomo, akashuka jukwaani, na shule yote ikasimama wima. Mlangoni alikuwepo Atupele, amejipanga wa mwisho, mgongo karibu na mlango, kuhakikisha hapiti mtoto wa mtu. Alinitazama mara moja tu. Nikainua mkoba nikamfuata mkubwa wangu, hatua mbili nyuma, kama inavyotakiwa.

Mlango wa nyuma ukajibana. Wa mbele ukajibana.

"Wewe unayezurura usiku," ilinguruma spika, "simama hapo ulipo!"

Mkuu aligeuka kwa hasira. "Nani huyo?"

"Ni wewe, Mwalimu."

"Fungua mlango!"

"Haufunguki, Mwalimu."

"Mimi ni Mkuu wa Shule!" alikiambia kioo cha mlango.

"Kila mzururaji ana jina lake," spika ilimjibu kwa sauti yake mwenyewe, yenye kuridhika. "Lako litajulikana asubuhi."

Kifurushi cha Majina ya Watumishi kilikuwa bado foleni, nyuma ya Zahanati. Nidhamu haikumjua mkuu wala mdogo. Ilijua bangili mbili, usiku, na ushoroba.

Hewa ikaanza kupungua. Husikii kitu, ni kama mtu amekuwekea kiganja kifuani na kukisukuma taratibu. Mkuu alilegeza tai. Baadaye akaegemea ukuta. Nikamwekea mkoba sakafuni, akaukalia, mtu mzima, magoti yakiwa karibu na kidevu. Mimi nikakaa chini mbele yake. Sikujisikia mshindi.

"Itachukua muda gani?" aliuliza.

"Sijui, Mwalimu. Saa haijapanda."

Akautazama mlango.

"Atupele alikaa hapohapo," nilisema. Ilibidi niseme kwa vipande, pumzi haikutosha. "Na bakuli la uji. Hakujua kama itafunguka. Na Kanuti. Na tumbo lake."

Alifumba macho. Nilidhani anaomba. Labda alikuwa anahesabu Jumapili.

Milango ikaachia kwa pamoja, hewa ikarudi na harufu ya maharage ya bwaloni. Upande wa ofisini alisimama Madam Kemilembe na kibao chake cha kompyuta.

"Jumapili, saa sita kamili usiku," alisoma. "Bangili ya Mwalimu Mkwizu. Bangili ya Chiduo. Wamezurura. Viti viwili vimetengwa kwenye chombo."

Mkuu alisimama, akajipangusa suruali. "Futa."

"Nifute ipi, Mkuu?"

"Yangu!"

"Inafanana neno kwa neno na ya Chiduo, na ya Atupele. Nikiandika kwamba hii ni uongo, zote ni uongo, kurudi nyuma hadi ya kwanza. Nikiandika kwamba zile ni kweli, basi chombo kinaondoka kesho na unaruhusiwa sanduku moja."

Huko nyuma, kupitia kioo, shule nzima ilikuwa bado imesimama wima ikitutazama. Nilikuwa sijapiga kengele ya pili.

Mkuu alichukua kibao. "Hapa paandikwe, Nidhamu inashirikiana na Saa."

"Mtambo haulijui hilo neno, Mkuu. Unajua inahitaji."

"Inazingatia?"

"Inahitaji."

Nilimwona akilimeza neno lile, silabi kwa silabi, kama kidonge cha kwinini bila maji. Kisha, Madam alipoongeza hapohapo kwamba Picha nayo inahitaji Saa, akaweka kiganja.

*

Usidhani kulikuwa na haki ya ngoma na vigelegele. Jumatatu Mkuu alitangaza kwamba ofisi yake, kwa umakini wake wa kawaida, imebaini hitilafu ndogo na kuishughulikia. Walimu wakapiga makofi. Atupele hakuombwa radhi. Aliambiwa tu akalitoe sanduku lake kwenye njia ya kupita. Kanuti na wenzake wameandikiwa kwamba "wanaruhusiwa kuendelea na masomo", kana kwamba walikuwa wamechoka wenyewe wakaenda kupumzika. Mimi nimepewa adhabu ya kusugua matangi ya maji hadi likizo, kwa kosa la kupiga kengele kabla ya wakati. Niliuliza kabla ya wakati upi, kwa kuwa wakati haukuwepo. Nikaongezewa na tangi la bustani.

Hata hivyo Jumapili iliyofuata niliomba ruhusa ya kutoka tangini, niende kupiga kengele, na nikakubaliwa, kwa sababu hapakuwa na mwingine.

Kioo kilizimika. Mkuu alikuwa jukwaani, mikono ameifumbata, pale anaposimama siku zote chini ya picha yake. Picha haikuja. Shule nzima ilitazama kioo cheusi. Kisha, katikati, zikatokea tarakimu nyeupe, ndogo, bila mapambo: saa tatu na dakika kumi na saba, asubuhi. Saa yangu. Mkuu aliinua macho, akaitazama, akasubiri. Baada yake ikaja picha, ikasema, "Habari za asubuhi, wanangu," na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka.

Mlango wa ushoroba ulifunguka. Atupele alipita na bakuli la uji wa mgonjwa mwingine, mvuke ukipanda. Mlango haukusema neno.

Nilikuwa nimelowa hadi magotini, brashi ya tangi iko mfuko wa nyuma. Nilishika kamba, nikainamisha kichwa kwa heshima zote, na kabla ya kuvuta nikasema kwa sauti ya kutosha kufika meza kuu:

"Itifaki imezingatiwa."